Kalamu ya Tarakilishi na Kosa Asilolitenda Mwanafunzi

Muhula uliopita nilimwadhibu mwanafunzi kwa kosa ambalo hakulitenda. Naanza kwa kuungama hivyo kwa sababu makala haya yametokana na aibu niliyoipata siku hiyo, na kwa sababu nina yakini kwamba walimu wenzangu wengi, wawe wa shule za msingi, za upili au wa vyuo, watafikwa na mkasa kama wangu kabla ya miaka mingi kupita, iwapo hawajafikwa nao tayari.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Nilikuwa nimewapa wanafunzi wa mwaka wa pili insha kuhusu lugha ya wafugaji. Miongoni mwa kazi zilizoletwa ilikuwamo moja iliyopigwa chapa vizuri, yenye hoja nzito na mifano mizuri, lakini iliyojaa makosa ya tahajia ambayo hata mtoto wa darasa la nne hangeyafanya. Neno ng'ombe liliandikwa "ngombe" kila lilipotokea. Palipostahili "hata" paliandikwa "hate". Palipostahili "wote" paliandikwa "vote". Nilihamaki. Nikakata alama 6 kati ya 30, kisha nikaandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Soma kazi yako kabla ya kuiwasilisha."

Siku ya pili mwanafunzi huyo alibisha mlango wa afisi yangu. Alikuwa amepakata kishikwambi, lile bamba la kioo ambalo siku hizi huandikiwa kwa kalamu maalumu. "Daktari," alisema kwa adabu, "sikuja kudai alama. Naomba tu utazame nilivyoandika kwa mkono wangu." Akagusa kioo mara mbili, na mwandiko wake ukajitokeza jinsi ulivyotoka kalamuni. Ng'ombe alikuwa na ritifaa yake, imekaa wima baina ya g na o. Hata ilikuwa hata, na wote walikuwa wote. Aliyekosea ni programu iliyougeuza mwandiko ule kuwa herufi za chapa. Kosa la kijana lilikuwa kuiamini programu hiyo pasipo kuisoma upya kazi yake, na huo ni uzembe, haumaanishi kwamba hajui kuendeleza maneno. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi: nilimhukumu mwandishi kabla ya kuuona mwandiko.

Tangu siku hiyo nimejishughulisha kudadisi jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Mimi si mhandisi. Mimi ni mwanaisimu, na nilidhani kwamba jambo hili ni la mafundi wa mitambo. Kumbe nilikosea. Kadiri nilivyochunguza ndivyo nilivyozidi kubaini kwamba kiini cha shughuli nzima ni lugha. Tarakilishi haisomi mwandiko kwa umbo la herufi peke yake. Huusoma kwa lugha iijuayo, na pale isipoijua lugha ya mwandishi, humwekea mwandishi maneno ya lugha nyingine mkononi.

Jambo hili lisimshangaze msomaji, kwani ndivyo nasi tunavyosoma. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani anaujua ule mwandiko unaofanana na nyayo za kuku matopeni. Tunawezaje kuusoma? Tunausoma kwa sababu tunalijua swali, tunayajua maneno ya Kiswahili, na tunajua ni neno lipi linaloweza kufuata lipi. Mpe mtu asiyejua Kiswahili karatasi hiyo hiyo umwambie ainakili herufi moja moja, naye atakuletea vioja. Tarakilishi iliyofunzwa Kiingereza ni kama mtu huyo, ila yeye huwa na haya ya kukiri kwamba hajui.

Yafaa kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kusoma mwandiko uliokwisha kukauka karatasini: barua au hati hupigwa picha, na tarakilishi ikapewa picha hiyo iifasiri. Kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyotufikisha hapa, ni kusoma mwandiko ungali unaandikwa kwa kalamu juu ya kioo. Katika kazi hii ya pili mashine hupata kitu ambacho picha haina. Hupata safari nzima ya kalamu: ilianzia wapi, ilipita njia ipi, ilisita wapi, iliinuliwa lini.

Wazo la kuifuata safari ya kalamu si geni. Mwaka 1888 Mmarekani Elisha Gray alipata hataza ya chombo kilichoupeleka mwandiko wa mkono kwa njia ya waya, hivi kwamba kalamu ya upande wa pili iliigiza miondoko ya kalamu ya upande wa kwanza. Mnamo 1964 shirika la utafiti la RAND, huko huko Marekani, lilitangaza ubao wa kuandikia uliounganishwa na tarakilishi. Ubao huo ulikuwa na uso wa inchi 10 kwa inchi 10, na katika kila inchi uliweza kutofautisha mahali 100. Tangu hapo vifaa vimebadilika sana, lakini msingi ni ule ule: kuugeuza mwendo wa mkono kuwa tarakimu.

Sasa tuitazame programu yenyewe, sehemu moja baada ya nyingine.

Sehemu ya kwanza hupokea nukta. Katika aina moja mashuhuri ya kalamu, ambayo kampuni ya Wacom ya Japani imeieneza sana, chini ya kioo mna mtandao wa nyaya nyembamba zinazotoa nguvu za sumaku, na ndani ya kalamu mna koili inayozipokea nguvu hizo na kuzirudisha. Kwa kupima kile kinachorudi katika kila waya, mashine hujua ncha ya kalamu iko wapi na imekandamizwa kwa nguvu gani. Aina nyingine hutumia umeme wa kioo chenyewe. Kalamu ya kampuni ya Apple, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, hukaguliwa na kioo mara 240 katika kila sekunde. Yaani mwanafunzi akichukua sekunde 2 kuandika neno ng'ombe, mashine itakuwa imekusanya nukta zipatazo 480. Kila nukta hubeba habari zake: umbali wa kutoka kushoto, umbali wa kutoka juu, wakati, na mkandamizo. Nukta zote zilizokusanywa tangu kalamu iguse kioo hadi iinuliwe huitwa mkokoto mmoja. Mikokoto hiyo, ikihifadhiwa kwa utaratibu wake, ndiyo wino wa tarakilishi. Msomaji alikumbuke neno hilo, wino, kwani tutalirejelea.

Sehemu ya pili husafisha. Mkono wa binadamu hutetemeka. Mwandiko wa mtoto huwa mkubwa na wa mzee huwa umelala. Mmoja huandika kwa haraka na mwingine kwa kusitasita. Programu hulainisha mitetemeko, huyasawazisha maumbo yakawa ya kimo kimoja, huinyoosha mistari iliyopanda mlima, na huzipanga nukta upya ili mwandishi wa polepole asionekane tofauti na mwandishi wa mbio. Baadhi ya mifumo huziacha nukta kabisa na badala yake huueleza kila mkokoto kama mfuatano wa mipindo michache. Watafiti wa Google walieleza mwaka 2019 mfumo wa namna hiyo unaohudumia lugha 102.

Sehemu ya tatu hugawanya. Mwanafunzi anapoandika daftarini hachoreki mistari tu ya maneno. Huchora mishale, huzungushia neno duara, huchora ramani ya Ziwa Viktoria kando ya maelezo. Ni lazima programu itenge mchoro na maandishi, kisha itenge mstari na mstari, hatimaye neno na neno. Mwaka 2002, kampuni ya Microsoft ilipotoa toleo la Windows la tarakilishi za kalamu, kazi hizi zilikuwa zimegawiwa vijenzi mbalimbali, kila kijenzi na jukumu lake: kimoja cha kukusanya wino, kingine cha kuutambua, na kadhalika. Isitoshe, mtengenezaji wa fomu aliweza kukidokezea kijenzi cha kutambua kwamba katika kisanduku hiki mtu ataandika nambari ya simu, na katika kile ataandika tarehe. Dokezo dogo la aina hiyo hupunguza makosa mengi, kwani mashine haitahangaika kujiuliza kama alama iliyo mbele yake ni sifuri au ni herufi o.

Sehemu ya nne ndiyo inayokisia herufi. Siku hizi kazi hii hufanywa na kile kiitwacho mtandao wa neva bandia, ambao haukupewa kanuni za jinsi a inavyoandikwa, ila ulionyeshwa maelfu kwa maelfu ya mifano hadi ukazoea. Ugumu ulikuwa mmoja: katika mwandiko wa kuunganisha hakuna mpaka bayana baina ya herufi na herufi. Unaanzia wapi mwisho wa m na mwanzo wa b? Mwaka 2006 Alex Graves na wenzake walieleza mbinu ya kuufunza mtandao bila kuuonyesha mipaka hiyo. Katika kila hatua ya safari ya kalamu, mtandao hutoa makisio ya kila herufi, na pia huruhusiwa kusema "hapa hakuna herufi." Makisio hayo yakishaunganishwa, neno hujitokeza. Mitandao ya mbinu hiyo ilishinda mashindano ya kusoma mwandiko mwaka 2009, ya Kiarabu na Kifaransa yakiwa miongoni mwayo.

Lakini makisio ni makisio. Mwandishi akiiacha d wazi kidogo, huonekana kama c iliyofuatwa na l. Je, aliandika "dogo" au "clogo"? Umbo peke yake haliwezi kukata shauri. Hapo ndipo inapoingia sehemu ya tano, ambayo ndiyo shabaha ya makala haya.

Sehemu ya tano ni lugha. Tuifananishe programu na kadhi aliyeketi kusikiliza mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni mkono, naye husema: umbo nililoliona laelekea kuwa hivi. Shahidi wa pili ni lugha, naye husema: katika lugha hii neno kama hilo lipo, au halipo, au huonekana kwa nadra. Kadhi hupima maneno ya wote wawili ndipo akatoa hukumu. Shahidi wa pili anayejua Kiswahili atasema mara moja kwamba katika tahajia yetu c haisimami pasipo h, kwa hiyo "clogo" haiwezekani. Kesi imekwisha. Lakini akiwa ni shahidi wa Kiingereza, ambacho kina maneno tele yaanzayo na cl, atasitasita, na pengine atatafuta neno la kwao linalofanana na lile alilooneshwa.

Hivyo ndivyo "wote" ilivyogeuka kuwa "vote", na "hata" ikawa "hate". Kishikwambi cha mwanafunzi wangu kilikuwa kimetoka dukani kikiwa kimeandaliwa kusoma Kiingereza, naye hakujua kwamba kuna mahali pa kubadilisha. Mkono ulisema kweli. Shahidi wa lugha ndiye aliyetoa ushahidi wa uongo, tena kwa nia njema kabisa, na kadhi akamwamini.

Historia imewahi kutuonya kuhusu shahidi huyu. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ilitoa kifaa cha mkononi kilichoitwa Newton, ambacho kilijinasibu kwamba kinasoma mwandiko wa mwenye nacho. Programu yake ya kwanza ilitengenezwa na wahandisi wa Kirusi wa kampuni ya ParaGraph, nayo ilitegemea mno kamusi. Neno likiwamo katika kamusi, mambo yalikwenda vyema. Lisipokuwamo, likiwa labda ni jina la mtu au la mtaa, mashine ilichukua neno lililo karibu nalo na kuliweka hapo. Matokeo yalikuwa vichekesho, na wachoraji wa vibonzo magazetini hawakukosa kazi. Matoleo ya baadaye yalirekebishwa sana, lakini sifa mbaya ilikuwa imekwisha kuenea, na mwaka 1998 kifaa hicho kiliachwa. Wamarekani walicheka walipoona maneno yao yakigeuzwa. Je, sisi tutacheka yakigeuzwa majina ya watoto wetu katika orodha za mitihani?

Maana si maneno ya kawaida tu yaliyo hatarini. Fikiria jina Achieng', ambalo katika Kijaluo na katika sajili zetu huishia kwa ritifaa. Fikiria mwalimu anayejaza fomu kwa kalamu, naye mwenye jina asijue kwamba ritifaa imedondoka hadi siku atakapoambiwa kwamba jina la cheti halilingani na la kitambulisho. Wakenya wanajua adha ya herufi moja kupotea katika hati.

Ritifaa hii ina mkasa wake wa pekee katika mashine za kalamu, nao unastahili kuelezwa. Nimesema kwamba programu huifuata kalamu kwa utaratibu wa wakati. Waandishi wengi wanapoandika ng'ombe kwa haraka huandika kwanza n, g, o, m, b, e, kisha hurudi nyuma kuidondosha ritifaa mahali pake. Kwa utaratibu wa nafasi, ritifaa iko baina ya g na o. Kwa utaratibu wa wakati, imekuja baada ya e. Wahandisi wanaijua tabia hii ya mikokoto inayochelewa, kwa sababu hata nukta ya i na msalaba wa t huchelewa vivyo hivyo, na wamebuni njia za kuirudisha mikokoto hiyo kwenye herufi zake. Lakini nukta ya i ikipotea, herufi bado hutambulikana. Ritifaa ya ng' ikipotea, tumepoteza sauti nzima. Kung'oa ni kuchomoa kitu kilichoshikamana na ardhi au ufizi. Ngoa ni tamaa, au wivu. Programu iliyozoea kuiona ritifaa katika ufupisho wa maneno ya Kiingereza haina sababu ya kuitarajia katikati ya g na o, na kwa hiyo huiona kama doa na kulifuta.

Sifa nyingine ya Kiswahili inayoitatiza mashine ni uambishaji wake. Programu zilizofunzwa kwa orodha ya maneno zilidhani kwamba lugha ni ghala lenye maneno ya kuhesabika. Chukua kitenzi kimoja tu, andika. Viambishi vya nafsi ni 6: ni, u, a, tu, m, wa. Viambishi vya wakati na hali, tuchukue 4 tu: na, li, ta, me. Tayari tuna maneno 24. Tia viambishi vya mtendwa, halafu tia mnyambuliko: andikia, andikisha, andikwa, andikiana. Tia ukanushi. Tia ngeli nyingine zote zisizo za watu. Kabla ya kumaliza utakuwa umevuka mamia na kuingia maelfu, na hapo hatujagusa kitenzi cha pili. "Hawakutuandikia" ni neno moja katika tahajia yetu, lakini hakuna kamusi inayoliorodhesha. Programu ya kamusi italiona kuwa ni upuuzi.

Dawa ipo, nayo imetokana na isimu. Badala ya kuifunza mashine orodha ya maneno, hufunzwa mfuatano wa herufi na silabi unaoruhusika, au hupewa kichanganuzi kinachojua jinsi viambishi vinavyopangana. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda kichanganuzi cha namna hiyo cha Kiswahili mwaka 1985. Naam, Helsinki, nchini Ufini, ambako theluji huanguka miezi kadhaa ya mwaka. Hatuna budi kumshukuru, lakini pia tujiulize sisi wenye lugha tulikuwa wapi.

Nisije nikamkatisha msomaji tamaa. Kiswahili, kikieleweka, ni miongoni mwa lugha zinazoweza kuirahisishia kazi mashine ya kalamu. Tahajia yetu huandika kile kinachotamkwa. Irabu zetu ni 5. Herufi q na x hatuzitumii. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo ukikisia konsonanti moja vyema unajua kwa sehemu kubwa kitakachofuata. Zaidi ya yote tuna upatanisho wa kisarufi. Mwandishi akiandika "watu wale walikuja" kwa mwandiko mbaya kiasi kwamba w moja inafanana na v, mashine inayojua sarufi haitayumba, kwani neno la kwanza linadai w katika la pili, na la pili linadai w katika la tatu. Kile ambacho wanafunzi wetu hukiona kuwa ni mzigo wa kukariri, yaani ngeli, ni shahidi mwaminifu asiye na mfano mbele ya kadhi wetu wa tarakilishi. Ila shahidi huyo lazima aitwe. Asipoitwa hawezi kujileta mwenyewe mahakamani.

Na hapa ndipo ninapofikia swali zito. Lugha na mashine zisipoelewana, nani apinde mgongo? Mwaka 1996 palitokea kifaa kilichoitwa Palm Pilot, ambacho waundaji wake waliamua kutofundisha mashine mwandiko wa watu. Waliwafundisha watu mwandiko wa mashine. Kila herufi iliandikwa kwa mkokoto mmoja tu. A, kwa mfano, ilikuwa pembe iliyoelekea juu, pasi na kile kikingamo cha katikati. Watu walijifunza, na kifaa kiliuzwa sana. Kwa shughuli za kuandika anwani na miadi hapakuwa na ubaya. Lakini chombo kinachowafanya mamilioni ya watu wabadili mikono yao kinaweza pia kuwafanya wabadili tahajia yao. Tayari katika ujumbe wa simu vijana wameizoea "ngombe" kwa sababu ritifaa iko mbali kwenye kicharazio. Kalamu nayo ikianza kuifuta, kizazi kijacho kitaniuliza kwa nini ninawakatia alama kwa kosa ambalo kila kioo kinaliandika kuwa ni sahihi.

Wazee wetu wa pwani walipokabiliwa na swali kama hili hawakupinda mgongo. Hati za Kiarabu walizozitumia kuandikia Kiswahili hazikuwa na herufi za kutosha kwa sauti zetu. P na ch, kwa mfano, hazikuwa na makao yao, na e ilichanganywa na i, na o na u. Katika karne ya 19 huko Mombasa, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye alishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor katika kuzihifadhi tungo za Muyaka, alikuwa miongoni mwa walioziongezea herufi hizo alama ili sauti za Kiswahili ziandikike bila utata. Chombo kilipindwa kikaifuata lugha. Sioni kwa nini wajukuu wao, wenye shahada na vyuo, wafanye kinyume.

Tufanye nini basi? Naona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza linawahusu walimu. Wino wa tarakilishi haufutiki kwa sababu tu umegeuzwa chapa. Programu nyingi za kuandikia kwa kalamu huweza kuihifadhi mikokoto ya asili kando ya maandishi ya chapa. Mwalimu anayepokea kazi iliyoandikwa kwa kalamu ya namna hii na audai wino pamoja na chapa. Pakitokea shaka, wino ndio ushahidi. Kusahihisha chapa peke yake ni kumsahihisha mfasiri na kumwacha mwandishi.

La pili linawahusu wanafunzi. Kabla ya kuandika neno la kwanza, fungua mahali pa mipangilio uitafute lugha. Zipo programu ambazo zimekitia Kiswahili katika orodha yao. Ikiwa unayoitumia haina, basi ijue hivyo, na usome kila mstari kama unavyosoma kazi ya mtu usiyemwamini. Mashine itakuletea neno lililonyooka, lenye herufi safi, na usafi huo ndio unaohadaa jicho.

La tatu linatuhusu sote, na hasa sisi wa idara za lugha. Mitandao ya neva hujifunza kwa mifano, na wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walipokusanya hazina yao ya mwandiko wa kalamu mwaka 2005, waliandikisha watu 221 wakinakili matini za Kiingereza ubaoni, na hazina hiyo imetumiwa na watafiti wa nchi nyingi. Watu 221! Idadi hiyo haijazi hata ukumbi wa shule moja ya upili. Idara moja ya Kiswahili, vishikwambi vichache na muhula mmoja vingetosha kukusanya sampuli zenye ng' za kila aina, zenye majina yetu, zenye vitenzi virefu kama "hawakutuandikia", kwa idhini ya waandishi na ya wazazi pale wanapohusika, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotutaka. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini katiba haiwezi kumfunza kadhi wa tarakilishi. Sisi ndio tutakaomfunza, kwa maandishi mengi na yaliyoandikwa vyema.

Nimeulizwa kama nilimrudishia kijana yule alama zake. Nilimrudishia 5. Moja niliizuia kwa kuwa hakuisoma kazi yake, naye alikubali kwamba ni haki. Kisha nilimwomba ruhusa ya kuwaonyesha wenzake darasani mwandiko wake na chapa yake bega kwa bega. Nilipozionyesha walicheka sana kwa "hate" na "vote". Walipofika kwa ng'ombe asiye na ritifaa hawakucheka, kwani nusu yao hawakuona kosa lolote.

Kimya kile ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ritifaa ni mali.